Mazrui: jina lililosambazwa na vita

Asalamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya jina moja la ukoo, asili yake na mahali linapopatikana. Nimechagua Mazrui. Wenye jina hili si wengi, na hata hapa Pwani unaweza kupita mitaa kadhaa bila kukutana na mmoja wao. Lakini kumbukumbu zake ni nyingi kuliko za majina mengi makubwa. Zimo ngomeni, makaburini, mahakamani, katika hati za mashamba na katika mashairi ya Mvita, yaani Mombasa. Majina mengine adimu tunayafuata kwa kubahatisha. Hili tunaweza kulifuata kituo kwa kituo kwa muda unaokaribia miaka mia tatu. Na jambo ninalotaka mlione ni hili: mahali jina hili lilipo leo hapaelezeki kwa kutaja Oman peke yake. Panaelezwa na vita, na hasa vile ambavyo ukoo wenyewe ulishindwa.

Oman nitaipitia haraka. Al-Mazrui ni nisba, yaani jina la kutambulisha asili, ya kabila ambalo Waarabu hulitaja kwa wingi kama Mazari. Wale wa Mombasa hujihesabu kuwa asili yao ni Rustaq, mji ulio chini ya milima, ambao katika karne ya 17 ulikuwa makao ya maimamu wa Yaaruba, ukoo uliotawala Oman wakati huo. Jina hilo lipo Oman mpaka leo, na lipo Falme za Kiarabu pia, ambako Mazari wamo ndani ya Bani Yas wa Abu Dhabi. Kule huliandika Al Mazrouei kwa herufi za Kilatini. Anayetafuta jamaa zake kwenye mtandao akaandika Mazrui tu, nusu ya watu hatawaona.

Sasa tuje Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliizingira mwaka 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Wareno walirudi kwa muda mfupi, 1728 hadi 1729, kisha wakaondoka moja kwa moja. Katika miaka ya 1730 imamu wa Oman akamweka Mohamed bin Uthman al-Mazrui kuwa liwali wa Mombasa. Kufikia hapo alikuwa mtumishi wa dola tu, mmoja kati ya maliwali wengi. Jina lingeweza kupita kama yalivyopita majina ya maliwali wengine ambao leo hakuna anayewakumbuka.

Kilicholizuia lisipite ni kuanguka kwa Yaaruba. Katika miaka ya 1740 utawala wa Oman uliingia mikononi mwa Ahmed bin Said al-Busaidi, ambaye kabla ya hapo alikuwa liwali wa Sohar. Mohamed bin Uthman akakataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa rahisi: huyu naye alikuwa liwali kama mimi, basi kama yeye amejitwalia Oman, mimi ninayo Mombasa. Ahmed bin Said akatuma watu waliojifanya wamegombana naye, wakapokewa ngomeni kwa wema, wakamuua mwenyeji wao. Nduguye, Ali bin Uthman, wakamfunga mumo humo ngomeni. Ali akatoroka, akakusanya watu wa mjini na washirika wa bara, akarudi na kuitwaa ngome. Kuanzia siku hiyo Mombasa ikawa ya Mazrui kwa karibu miaka tisini.

Nataka nikae kidogo kwenye hao "watu wa mjini na washirika wa bara", kwa sababu wanasahauliwa. Ukoo mmoja wa kigeni hauwezi kushika kisiwa kwa bunduki peke yake. Mombasa ilikuwa na wenyewe: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Tisa Taifa, ambao Wamvita ni miongoni mwao. Kila upande ulikuwa na tamimu wake, yaani kiongozi, na kila upande ulikuwa na urafiki wa tangu zamani na makundi ya Wamijikenda. Mazrui walitawala kwa kukubaliana na hao, kwa kula nao, na kwa kuoa kwao. Baada ya vizazi viwili vitatu, mtoto wa Mazrui alikuwa anaota ndoto zake kwa Kimvita. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa mji huu, alipowatetea kwa mashairi katika ugomvi na Busaidi, alikuwa anautetea mji wake mwenyewe.

Mkiingia Ngome ya Yesu leo kuna ukumbi unaoitwa wa Mazrui. Una mabaraza ya mawe ya kukalia na maandishi ya kale ukutani, pamoja na nakshi zinazofifia mwaka hadi mwaka. Kaeni pale kidogo mtazame ukubwa wake. Ni chumba cha watu kukaa pamoja na kusikilizana, na kwangu mimi kinaeleza utawala ule kuliko mizinga iliyo nje.

Ulipokuwa na nguvu, ukoo ulifika mbali. Pemba ilikuwa chini yao kwa muda mrefu, na ndiko ulikotoka mpunga uliolisha Mombasa. Pate walikuwa na usemi. Mizani iligeuka kwenye mwaka 1812 hivi, pale jeshi la Mombasa na Pate lilipopigwa vibaya na watu wa Lamu kwenye mchanga wa Shela. Lamu ikamwita Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, wa ukoo ule ule wa Busaidi, aje kuilinda, naye akapata mlango wa kuingilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Pemba ikawatoka mikononi. Mwaka 1824 wakampokea nahodha Mwingereza, Owen, akapandisha bendera yake Mombasa, lakini serikali yake huko London haikutaka, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Mwishoni ndani ya ukoo wenyewe wakagombea kiti, Thelatha Taifa wakachoshwa nao, na mwaka 1837 Sayyid Said akaingia. Viongozi wa ukoo wakakamatwa kwa hila, akiwemo liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, wakapelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Hapo ndipo ramani ya leo ilipochorwa.

Waliobaki walikimbia, na walikimbia pande mbili. Tawi moja lilikwenda kaskazini, likatua Takaungu, kusini kidogo ya Kilifi. Tawi jingine, la uzao wa Uthman, lilikwenda kusini na hatimaye likajikita Gazi, ng'ambo ya Diani, kabla hujafika Msambweni. Watu huniuliza kwa nini hapo na si Malindi au Vumba. Tazameni mahali penyewe. Takaungu ina mkono wa bahari unaoficha mashua, na nyuma yake kuna ardhi nzuri na majirani Wagiriama. Gazi ina ghuba yake na mikoko, na nyuma yake kuna Wadigo, kisha vilima vya Shimba vyenye msitu wa kujifichia. Mkimbizi mwenye akili huenda kwa watu anaofahamiana nao tayari. Urafiki uliojengwa Mombasa katika karne ya 18 ndio uliowapa Mazrui pa kulala mwaka 1837.

Basi ukikuta leo jina hili Kilifi na Kwale, na unalikuta zaidi kuliko sehemu nyingine za nchi, unatazama matokeo ya mwaka huo mmoja.

Mwaka wa pili wa kushika akilini ni 1895. Gazi ilikuwa na Mbaruk bin Rashid, mtoto wa yule liwali wa mwisho aliyepotelea uhamishoni. Huyu hakukubali kamwe. Aliasi mara kwa mara dhidi ya masultani wa Unguja, akapigwa, akapatanishwa, akaasi tena. Ngome yake ya bara ilikuwa Mwele, juu ya vilima vya Shimba. Mwaka 1895 kiongozi wa Takaungu akafariki, na Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikisimamia Pwani ikampitisha mrithi ambaye sehemu ya ukoo haikumkubali. Ugomvi wa kurithi ukawa vita ya Pwani nzima. Mbaruk wa Gazi akajitosa upande wa waliokataa. Agosti mwaka huo Waingereza wakaitwaa Mwele, lakini vita haikuisha. Iliendelea kwa kuvizia na kuchoma mpaka Aprili 1896, Mbaruk na wafuasi wake walipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Wengine walirudi baadaye. Yeye alifia huko huko Tanganyika. Kwa hiyo anayetafuta jina hili asikomee Vanga, mpakani. Mpaka ule wakati huo ulikuwa mchanga, na watu waliuvuka wakiwa na wake zao, watoto na watumishi.

Nimesema watumishi, na hapa sitapita kimya. Mashamba ya Takaungu ya mtama, mahindi na ufuta yalilimwa na watumwa. Gazi vivyo hivyo. Waliotoroka walijenga vijiji vyao bara, na Fuladoyo ndicho kinachojulikana zaidi. Waliobaki wakaachwa huru, wengi wao na watoto wao waliendelea kujinasibisha na ukoo wa bwana, kwa sababu Pwani hii mtu asiye na wa kumtaja hakuwa na wa kumtetea, wa kumposea wala wa kumzika. Basi jina hili, kama majina mengine ya mabwana wa Pwani, lina watu walioingia kwa damu na watu walioingia kwa mlango huo. Tuna methali tunayoipenda mno katika mikutano kama hii, "mwacha asili ni mtumwa". Mimi inanichoma. Hawa hawakuiacha asili. Waling'olewa kwayo, wakapewa jina jingine walishike. Anayeandika historia ya ukoo akiwaruka hao atakuwa ameandika nusu, na nusu yenyewe si ya kweli.

Sasa niwaeleze kwa nini jina linaonekana adimu zaidi kuliko lilivyo. Chukueni silsila, yaani mfuatano wa mababu, ya huyo Mbaruk: Mbaruk bin Rashid bin Salim bin Ahmed bin Mohamed bin Uthman al-Mazrui. Kila jina hapo ni la mtu tunayemjua. Rashid ndiye liwali wa mwisho, Salim na Ahmed walitawala, Mohamed ni yule aliyeuawa ngomeni. Mzee akiisoma hiyo mbele yako amekusomea historia yote ya Mombasa. Sasa mpeleke huyo Mbaruk kwenye dirisha la usajili. Karatasi inataka majina matatu: lake, la baba, la babu. Atatoka pale akiitwa Mbaruk Rashid Salim. Mazrui iko wapi? Haimo. Mtoto wake ataitwa kwa jina lake, kisha Mbaruk, kisha Rashid. Kizazi cha tatu, hata Rashid ametoka. Wako watu wengi wa ukoo huu ambao hakuna karatasi yao hata moja inayoutaja, na wajukuu wao wanausikia siku ya posa tu, au siku ya msiba.

Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa mmoja anaandikwa Mazrui na mwingine haandikwi, kwa sababu ya karani aliyekuwa zamu siku hiyo. Kwa hiyo anayehesabu majina kwenye orodha ya wapiga kura akadhani amehesabu ukoo, amehesabu mazoea ya makarani.

Kuna mahali pamoja ambapo jina lilishikiliwa kwa nguvu: ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hatimiliki katika ukanda wa Pwani, na kila mwenye kudai shamba akatakiwa aseme yeye ni nani na amerithi kwa nani. Mwaka 1914 ikatungwa sheria mahsusi ya amana ya ardhi ya Mazrui huko Takaungu. Mwaka 1989 Bunge likaifuta, na mgogoro wake ukaingia mahakamani. Ninayajua maumivu yaliyomo pande zote: wale waliosajiliwa kuwa wenye amana, na wale ambao babu zao waliilima ardhi ile na kuzikwa humo bila jina lao kuandikwa popote. Kuamua haki ya shamba si kazi yangu hapa. Ninalosema ni kwamba jina la ukoo, likishaunganishwa na ekari, halifi. Familia ambazo hazikuwa na shamba la kudai ndizo zilizoliacha upesi.

Kitu cha pili kilicholihifadhi jina ni elimu. Siasa ilipofungwa, ukoo uligeukia ukadhi na ualimu. Wakati huo wengi wao walikuwa wameacha madhehebu ya Ibadhi ya mababu na kufuata madhehebu ya Shafii ya majirani zao. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiandika kwa Kiswahili na kuwahimiza watu wake wasome na wajirekebishe. Yeye ndiye pia aliyeandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, ambayo ilikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1933, alilifikisha jina hili mahali ambapo jahazi halifiki. Alifariki Marekani Oktoba 2014, na mwili wake ukarudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya ukoo, jirani na ngome ile ile.

Wapo na waliorudi kule wazee wao walikotoka. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yaliwatawanya watu wengi wenye asili ya Oman, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 akawaita warudi wajenge nchi. Ndiyo maana leo unaweza kuketi Maskati na mtu mwenye jina hili akakuandalia kahawa huku akizungumza nawe Kiswahili cha Unguja au Mombasa. Jina lilikuja na upepo wa kaskazi, likarudi kwa ndege, na lilirudi na lugha ya mama zake.

Hao mama ndio ninaotaka kumalizia nao, maana silsila zetu haziwataji. Ukirudi nyuma vizazi kumi una wazazi 1,024 katika kizazi hicho. Jina la ukoo linakuonyesha mmoja. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, ikiwemo Mtwapa, Manda na Faza. Walikuta kwamba kwa wengi wao, damu ya upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na ile ya upande wa akina baba ilikuwa na mchango mkubwa kutoka Asia, hasa Uajemi, na katika karne za baadaye kutoka Uarabuni. Wengi wa watu hao ni wa kabla ya Mazrui, lakini mtindo wa ndoa ni ule ule tunaouona katika ukoo huu. Nisba inashika njia ya baba. Kijiji, shamba, urafiki wa bara, dawa, nyimbo za kubembeleza watoto, na hata mahali pa kukimbilia ule mwaka 1837, mara nyingi vilishika njia ya mama.

Kwa hiyo nawaomba wenye silsila nyumbani mfanye jambo moja. Kando ya kila jina la baba, andikeni la mama, na mji aliotoka. Fulani bin Fulani, mama yake ni Mdigo wa Gazi. Fulani, mama yake ni wa Tisa Taifa. Fulani, mama yake aliachwa huru Takaungu, na jina lake aliloitwa ni hili. Andikeni pia walikohamia na mwaka wake, hata kama ni kwa kukadiria: kabla ya Mwele, baada ya Mwele, baada ya mapinduzi. Makaburi yenye maandishi yapigwe picha mapema, maana chokaa inamomonyoka na mvua hazisubiri. Na wajukuu wa wale waliovuka mpaka 1896 wakabaki kule watafutwe, kuanzia Vanga kwenda Tanga, kwa sababu tawi hilo ndilo lililoandikwa kidogo kuliko yote.

Mimi upande wangu nimefika hapa. Wamo humu ndani wazee wa Gazi na wa Takaungu, na najua kuna mambo niliyoyasema ambayo wao wameyapokea kwa riwaya nyingine. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianzie kwao, kisha kije kwa mama zetu, halafu vijana waulize.